Kusoma Upepo Kabla ya Kuingia Baharini

Ukifika Paje, mashariki ya kisiwa cha Unguja, mwezi wa Januari au Julai, utaona tiara kubwa za rangi rangi angani. Chini ya kila tiara yupo mtu amesimama juu ya ubao, anakokotwa juu ya maji. Mchezo huu huitwa kaiti. Siku hizi upo na mwingine. Mchezaji hushika bawa la kitambaa kwa mikono yake. Ubao wake una mguu mrefu chini, na mwisho wa mguu kuna mabawa madogo mfano wa mapezi ya samaki. Ukishika mwendo, ubao hunyanyuka juu ya maji kabisa. Michezo hii ililetwa na wageni, lakini leo wapo vijana wa hapo hapo wanaoifundisha, na ndiyo riziki yao.

Watu hawa hawaingii majini kabla ya kutazama utabiri wa upepo katika simu. Mvuvi wa ngalawa naye anaweza kuutazama huo huo. Lakini kutazama si kusoma. Hebu tuone unasomwaje.

Kwanza, tazama kipimo. Simu moja huandika noti, nyingine kilomita kwa saa, nyingine mita kwa sekunde. Noti moja ni kilomita 2 kasoro kidogo kwa saa. Mita 1 kwa sekunde ni karibu noti 2. Basi ukiona 10, usifurahi wala usiogope mpaka ujue ni 10 ya nini. Noti 10 ni upepo mwanana. Mita 10 kwa sekunde ni karibu noti 20, na huo si wa mchezo.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Upepo ukienda kasi mara mbili, nguvu yake haiwi mara mbili. Huwa mara nne! Ndiyo maana mtu wa kilo 75 hutumia tiara ya mita za mraba 12 hivi upepo ukiwa noti 15. Ukifika noti 25, huchukua ya mita 7 au 8. Aking'ang'ania ile kubwa atarushwa kama karatasi.

Karibu na namba ya kwanza ipo namba ya pili, nayo ni kubwa zaidi. Ya kwanza ni wastani. Ya pili ni upepo wa ghafla, unaokuja kwa kishindo kisha ukapita. Kumbe huo wa ghafla ndio unaovunja mlingoti na kupasua tanga. Wastani ukiwa noti 15 na wa ghafla ukiwa 28, mimi nasema kaa ufukweni ushone nyavu.

Sasa upande. Upepo huitwa kwa jina la kule unakotoka. Herufi NE maana yake ni kaskazini mashariki, na huo ndio kaskazi wetu wa Desemba hadi Machi. SE ni kusini mashariki, yaani kusi, unaovuma sana Juni hadi Septemba. Mshale katika simu huonyesha kule upepo unakokwenda, kwa hiyo usiuchanganye na herufi. Upande ndio uhai. Pale Paje, kusi na kaskazi hutoka baharini kwa mshazari. Ubao ukikushinda, upepo utakurudisha pwani. Lakini nenda Mangapwani, magharibi ya kisiwa hicho hicho. Huko kusi hutoka nchi kavu. Ufukweni maji yametulia kama ya kisima, nawe unadhani hakuna neno. Ukienda mbali kidogo upepo unakukamata na kukusukuma mkondoni, na tiara ikianguka huna wa kukurudisha. Noti zile zile, kisiwa kile kile, ila mmoja amerudi kwake na mwingine anatafutwa.

Saa nazo huwapoteza watu. Simu ikiandika 15:00, toa 6, utapata saa 9 alasiri. Lakini taarifa nyingine za mabaharia hutumia saa ya dunia, nayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Hapo 12:00 ndiyo saa 9 yetu ya alasiri.

Je, mashine inajuaje? Wataalamu hukusanya vipimo vya setelaiti, meli, ndege na vituo vya nchi kavu. Kompyuta huigawa dunia katika miraba na kupiga hesabu ya kila mraba. Mraba wa kituo cha Ulaya una upana wa kilomita 9 hivi, wa Marekani kama 13. Kwa hiyo kijiji kizima na bahari yake huingia katika mraba mmoja. Jambo kubwa huonekana mapema. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitangazwa kabla hakijafika Mafia. Lakini wingu moja la mvua juu ya Jambiani linaweza kuiponyoka kompyuta.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo pale upepo unapotazamiwa kuzidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi kuzidi mita 2. Kilomita 40 ni karibu noti 22. Kwa fundi wa kaiti hiyo ni sikukuu. Kwa mwenye ngalawa ni hatari. Basi usimwone yule anaruka juu ya maji ukasema leo bahari ni njema.

Ukishasoma simu, simama ufukweni robo saa. Mwaka 1805 Francis Beaufort, baharia wa Uingereza, alianza kupanga nguvu za upepo kwa daraja, 0 hadi 12, wala hakuwa na simu. Mapovu meupe machache juu ya mawimbi ni noti 7 hadi 10. Yakiwa mengi na vumbi linaruka njiani, ni 11 hadi 16. Kama simu imesema 10 na bahari imejaa mapovu, amini bahari. Tazama pia kama maji yanakupwa, maana vigingi vya mwani vya akina mama vipo hapo chini. Na ukiona wingu jeusi linapanda upande unakotoka upepo, toka majini saa hiyo hiyo. Upepo wa wingu hilo mara nyingi hufika kabla ya mvua yake.