Istilahi ya "Mionzi ya Kosmiki": Nuru au Chembe?

Mtu akisimama Kiserian, chini ya Milima ya Ngong, akakunjua kiganja chake, takriban kila sekunde chembe moja hukipenya wala asihisi lolote. Chembe hizo ni uzao wa nyingine zitokazo nje ya mfumo wa jua, zilizozoeleka kuitwa mionzi ya kosmiki. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina hilo hupotosha.

Mwaka 1912 Victor Hess alipaa kwa puto, akagundua kuwa mnururisho huzidi kadiri mtu anavyopanda juu angani. Mwaka 1925 Robert Millikan aliupa jina la mionzi, akiudhania kuwa namna ya nuru. Baadaye ilithibitika kuwa ni chembe zenye chaji ya umeme, hasa protoni. Kiswahili, kwa kutafsiri, kimerithi jina pamoja na kosa lake.

Madhara yake hudhihirika chanzo cha chembe hizo kinapoelezwa. Nyota ikilipuka, mabaki yake husukuma mbele wimbi la mshtuko. Chembe huvuka wimbi hilo, hurudishwa na nguvu za sumaku, kisha huvuka tena. Kila mvuko huziongezea nishati kidogo, hata zikakaribia kasi ya nuru. Zikisha kutoroka, sumaku za angani huzipinda njia, zikafika duniani bila kuonyesha zilikotoka. Lakini zikiwa bado mle katika mabaki, hutokeza eksirei na gama. Hizo ndizo mionzi ya kweli: husafiri moja kwa moja na kufichua chanzo.

Afrika imeshiriki katika ufichuzi huo. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengewa uchunguzi wa eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Miongoni mwa vyanzo ilivyoorodhesha ni mabaki ya Cassiopeia A na ya Tycho. Mwaka 2004 darubini za H.E.S.S. nchini Namibia zilitoa taswira ya mabaki ya nyota kwa gama.

Basi chembe hupoteza njia, mionzi haipotezi. Mwalimu wa Kiserian aziitaye zote mionzi hana budi kujipinga mwenyewe mbele ya wanafunzi. Istilahi "chembe za kosmiki" yamwondolea tatizo hilo, na haigharimu lugha neno lolote jipya.