Gari Likichemsha, Tuulize Maji Yamekwenda Wapi

Katika isimu tunafundisha kwamba kitenzi cha usababishi hudai yambwa. Mama huchemsha maziwa, maziwa huchemka. Hata hivyo, madereva wetu husema "gari limechemsha" kisha wakanyamaza hapo, wala hapana amwulizaye mwenziwe limechemsha nini. Kwa miaka mingi nimeitumia sentensi hiyo darasani kama mfano wa yambwa iliyodondoshwa. Agosti iliyopita ndipo nilipong'amua kwamba maji hayo tusiyoyataja ndiyo hasa ya kuulizwa habari zake.

Nilikuwa nikisafiri kutoka Nakuru kwenda Eldoret pamoja na shemeji yangu, mwalimu wa fizikia katika shule ya upili. Gari langu ni kuukuu. Kwa majuma matatu lilikuwa likidai maji kila asubuhi, kiasi cha nusu lita, nami nikilijazia bila ya kuuliza yale ya jana yalikwenda wapi. Fundi mmoja wa mtaani alikuwa amenishauri tuing'oe themostati, akidai kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Mwingine alitaka ninunue rejeta mpya. Sikumfuata yeyote kati yao, na sababu haikuwa busara bali uchache wa fedha.

Karibu na Timboroa, mahali palipoinuka mita zipatazo 2,700 juu ya usawa wa bahari, mshale wa geji ya joto ulipanda hadi kwenye alama nyekundu, na mvuke ukaanza kufuka kando ya boneti. Niliegesha gari, nikazima injini, nikafungua boneti. Kisha nikatoa leso na kunyosha mkono kukishika kifuniko cha rejeta.

"Mzee, wacha!" Aliyepiga ukelele huo alikuwa utingo wa lori lililosimama mbele yetu. "Ukifungua sasa hivi, uso wako utabaki hapa!"

Naungama kwamba shahada zangu zote hazikuwa zimenieleza alilolijua kijana yule. Maji yaliyo ndani ya rejeta hushinikizwa, kwa hiyo huweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi bila ya kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa, shinikizo hilo huondoka ghafla, na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo na kuruka pamoja na maji moto yaliyosalia. Tulingoja kwa muda wa dakika arubaini. Kisha utingo alikifunika kifuniko kwa gunia lililokunjwa, akakizungusha kidogo mpaka sauti ya mvuke ilipokoma, ndipo akakitoa. Hakuturuhusu kumimina maji baridi kwa pupa. Hedi ya injini nyingi za siku hizi ni ya alumini, na chuma hicho kikipoa ghafla huweza kupinda au kupasuka. Tuliwasha injini ikanguruma polepole huku tukitia maji kidogo kidogo.

Tulijikokota hadi Burnt Forest, tukapata fundi wa makamo aliyekuwa akifanya kazi chini ya mti. Huyu hakushika spana kwanza, aliuliza maswali. Je, gari huchemsha penye msongamano au penye mlima? Likichemsha likiwa limesimama na kupoa likienda kasi, aghalabu feni ndiyo mbovu, maana mwendo huleta upepo ambao feni imeshindwa kuuleta. Likichemsha mlimani, huenda rejeta imeziba, pampu ya maji imechoka, au themostati imekwama bila ya kufunguka. Je, asubuhi kuna tone lolote chini ya gari? Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama juani. Oili ikifanana na chai ya maziwa, au moshi mweupe ukizidi kutoka hata baada ya injini kupata moto, gasketi ya hedi imeungua na maji yanaingia ndani. Oili yangu ilikuwa nyeusi tu, kama inavyostahili oili ya mtu asiyeibadilisha kwa wakati.

Baadaye aliubinya mpira wa juu wa rejeta. Injini ilikuwa bado moto, na mpira ulikuwa mlegevu. "Hapa hakuna presha," alisema. Akakigeuza kifuniko na kutuonyesha ukingo wake wa ndani: mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka.

Shemeji alishika kichwa. Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wake kwamba kadiri shinikizo linavyopungua ndivyo maji yanavyochemka mapema. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100; Timboroa huchemka kwa nyuzi 91 hivi, na injini kwa kawaida hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 100. Kifuniko kizima huongeza shinikizo la takriban angahewa moja, na hivyo kuyazuia maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110 hata kule mlimani. Changu hakikuzuia chochote. Katika safari fupi za Nairobi maji yalitoroka kidogo kidogo, nikayafidia kila asubuhi. Mlimani yakatoroka yote kwa pamoja. Rejeta mpya bila ya kifuniko kipya isingalinisaidia hata chembe.

Nilimwuliza fundi kuhusu ile themostati. Alicheka. Alisema magari mengi huletwa kwake yakiwa yamekwisha kung'olewa kifaa hicho. Bila ya themostati injini hukawia kupata moto, hula mafuta mengi na kuchakaa upesi. Na katika injini nyingine maji hupitia njia ya mkato badala ya kuingia kwenye rejeta, gari likazidi kuchemsha. Alinishauri pia niachane na maji ya mfereji, maana huacha kutu na ukoko, badala yake nitumie kulanti iliyochanganywa na maji safi. Kulanti hiyo ni sumu, tena ina utamu, kwa hiyo isiachwe karibu na watoto.

Kuhusu geji alinieleza jambo ambalo dereva yeyote angefaa kulijua. Geji hupima joto la maji. Yakiisha kabisa, kifaa cha kupimia hubaki hewani, na mshale huweza kuteremka ilhali chuma kinaungua. Mshale ukishuka ghafla baada ya kupanda sana, simama.

Kifuniko kipya kilipatikana katika duka la vipuri pale pale mjini. Fundi alihakikisha kwamba tarakimu iliyopigwa chapa juu yake, ile ya shinikizo, inalingana na ya zamani. Tulipofika Eldoret jioni, mpira wa rejeta ulikuwa mgumu kama jiwe na mshale umetulia katikati. Kifuniko kibovu alikitia shemeji mfukoni. Alisema muhula ukifunguliwa atakipeleka darasani.