Umbo na Urithi wa Nyumba ya Ibada ya Pembenane, Norwich

Sheria ya Uvumilivu ya mwaka 1689 iliwaruhusu Waprotestanti wa Uingereza waliojitenga na Kanisa la Anglikana kuabudu hadharani katika majengo yao wenyewe. Sehemu hii inachunguza mojawapo ya majengo hayo: Nyumba ya Ibada ya Pembenane, iliyosanifiwa na Thomas Ivory kwa ajili ya Wapresbiteri wa Norwich na kukamilika mwaka 1756.

Jengo hilo la matofali lina kuta nane, na ndani yake mna nguzo nane za mtindo wa Kikorintho. Roshani zimezunguka ukumbi, hivyo hakuna msikilizaji anayekaa mbali na mimbari. Ilhali kanisa refu la kale huelekeza macho kwenye altare, umbo hili huwakusanya waumini kulizunguka neno linalohubiriwa.

John Wesley alilizuru mwaka 1757. Aliusifu uzuri wake, lakini anasa yake, hata makomeo ya shaba ya milango ya viti, ilimtia shaka iwapo injili ya kale isiyo na madoido ingepokelewa humo. Hata hivyo, Wamethodisti walilikubali umbo lenyewe: nyumba yao ya pembenane huko Heptonstall ilijengwa mwaka 1764.

Kwa hiyo, urithi wa jengo hili haumo katika mapambo pekee, bali katika uhusiano wa mimbari, roshani na viti. Uhifadhi unaolinda kuta huku ukivunja mpangilio huo hubakiza gamba na kupoteza ushahidi wa imani iliyolijenga.