Mapafu Baada ya Korona: Namba ya Kidoleni Haitoshi

Mtu aliyewekewa oksijeni kwa sababu ya korona kali anaruhusiwa kurudi nyumbani Kamalondo, hapa Lubumbashi, ndugu wanashukuru Mungu, na wiki chache baadaye anashangaa kwamba akienda sokoni anahema kama mzee. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya COVID-19 tarehe 5 Mei 2023. Tangazo hilo halikuponya mapafu ya mtu.

Virusi vikali huvimbisha vifuko vidogo vya hewa, mahali ambapo oksijeni huingia kwenye damu. Kuta zake hunenepa, na pengine hubaki makovu. Sehemu kubwa ya madhara hayo hupungua yenyewe, ila kwa miezi. Wahudumu wa hospitali moja ya Beijing walioambukizwa SARS, ugonjwa wa virusi vya ukoo mmoja na korona, mwaka 2003 walifuatiliwa hadi 2018: nafuu kubwa ya mapafu yao ilipatikana mwaka wa kwanza, kisha hali ikasimama palepale. Ndiyo maana mwaka huo wa kwanza haufai kupotezwa.

Na hupotezwa kirahisi. Mgonjwa anavalishwa kipima oksijeni kidoleni akiwa ameketi, kinaonyesha 96, anaambiwa amepona. Mapafu mabovu yanaweza kuumudu mwili uliotulia; ubovu hujitokeza mwili ukidai zaidi. Kwa hiyo asimamishwe. Kiti kisicho na mikono kinaegemezwa ukutani, mgonjwa anakunja mikono kifuani, anasimama na kuketi kwa dakika moja kwa mwendo wake, kipimo kikiwa kidoleni na muuguzi akiwa kando. Baada ya kuketi, kipimo kisitolewe haraka, kwa maana mara nyingi namba hushuka zoezi likiwa limekwisha. Ikishuka kwa 4 au zaidi, daktari amchunguze.

Kifaa chenyewe kina hila zake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ulipita bila kuonwa na kifaa hiki karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Rangi ya kucha pia hukichanganya. Halafu kuna mbabula. Usiku wa baridi wa Juni na Julai, au umeme wa SNEL ukikatika, mbabula ya makala huingizwa chumbani. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka humo hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na kipimo cha kawaida huisoma kana kwamba ni oksijeni: namba nzuri, mtu anakosa hewa. Mbabula ibaki uani, na anayepona asiwe ndiye anayeipuliza.

Kuhusu mazoezi, aanze kwa kutembea mahali tambarare, akivuta hewa puani na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, akiongeza kidogo kila wiki. Uwanja wa TP Mazembe uko humuhumu Kamalondo, na vijana wana haraka ya kurudi kwenye mpira. Ikiwa zoezi la leo linamlaza kitandani kesho, amezidisha.

Nina ugomvi na dawa ya deksamethazoni ya kujinunulia. Majaribio ya Uingereza mwaka 2020 yalithibitisha kwamba inaokoa wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni, si kila anayekohoa. Ikimezwa kwa wiki nyingi bila daktari, inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Katika mji wetu, kikohozi kilichopita wiki mbili kipimwe makohozi kwanza, hata kama korona ilithibitishwa.

Maumivu ya kifua yanayokuja ghafla pamoja na kukosa pumzi, damu kwenye makohozi, au midomo kugeuka bluu: hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wengine wote, miezi mitatu ikitimia na bado unahema, rudi ukapigwe picha ya kifua, na uombe kupimwa oksijeni ukiwa unatembea.