FT8: Ufanisi Unaoanzia Katika Kusikiliza

Redio ya ridhaa ni huduma inayowaruhusu watu wenye leseni kurusha na kupokea mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kujenga urafiki pasipo kutafuta faida, na tangu mwaka 2017 sehemu kubwa ya mawasiliano yake ya mbali imehamia kwenye mtindo wa kidijitali unaoitwa FT8. Herufi mbili za jina hilo ni za wabunifu wake, Steve Franke na Joe Taylor, nayo namba 8 ni idadi ya toni zinazotumika. Taylor ni mwanaastronomia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua aina mpya ya pulsa, yaani nyota inayozunguka kwa kasi huku ikitoa mipigo ya mawimbi ya redio, na kazi hiyo ya kuchambua ishara hafifu zilizozama ndani ya kelele ndiyo hiyohiyo inayofanywa na FT8.

Muda wote hugawanywa katika vipindi vya sekunde 15, kituo kimoja kikirusha katika kipindi hiki na kusikiliza katika kinachofuata. Urushaji huchukua sekunde 12.64, ambamo hupita alama 79, kila alama ikiwa mojawapo ya toni 8 zilizoachana kwa hezi 6.25, hivyo kituo hukalia upana wa hezi 50 tu, na makumi ya vituo hutoshea katika nafasi ambayo mazungumzo mamoja ya sauti yangeijaza. Ujumbe wenyewe una biti 77, lakini hurushwa ukiwa na biti 174, kwa sababu huongezewa biti za ukaguzi na za kusahihisha makosa, na ziada hiyo ndiyo inayoiwezesha kompyuta kuujenga upya hata pale nguvu ya ishara inapokuwa kama sehemu moja ya mia ya nguvu ya kelele iliyomo katika upana wa hezi 2500.

Ujumbe mfupi kiasi hicho hauna nafasi ya maongezi. Kituo cha Dar es Salaam kinachoita hutaja alama yake ya mwito, ambayo kwa Tanzania huanza na 5H, pamoja na KI93, ambayo ni namba ya mraba wa ramani ulimo mji huo. Anayejibu hutaja alama yake na mraba wake, kisha pande mbili hupeana kipimo cha usikivu kwa desibeli, huthibitishiana, na kuagana kwa 73, salamu ya kale ya wapiga telegrafu. Jumbe sita hukamilisha yote kwa dakika moja na nusu, endapo hakuna unaolazimika kurudiwa.

Ufanisi, basi, ni kuepuka marudio, na chanzo cha kwanza cha marudio ni saa. Saa ya kompyuta inayopotoka kwa sekunde mbili au tatu huweza kukifanya kituo kisisomeke popote, hata kiwe na antena bora namna gani, kwa hiyo ni lazima ilinganishwe na saa sahihi kupitia intaneti au setilaiti.

Chanzo cha pili ni kurusha palepale alipo anayeita. Wanaoanza hufanya hivyo kwa kudhani kwamba ndipo watakaposikika, ilhali programu ya FT8 kwenye kompyuta husoma ukanda wote kwa pamoja, na vituo kumi vinavyomjibu mtu mmoja katika toni zilezile hufunikana. Anayejibu atafute pengo kwenye picha ya mawimbi inayoteremka kwenye skrini, abaki hapo, na ahame asipojibiwa baada ya miito michache, kwa maana pengo linaloonekana tupu Nairobi laweza kuwa limejaa huko Tokyo.

Chanzo cha tatu, kinachowaudhi wengi, ni sauti kali mno kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye mtambo. Toni ya hezi 600 ikizidishwa nguvu huzaa vivuli kwenye hezi 1200 na 1800, na mrushaji mmoja huharibu nafasi tatu bila kujua. Dawa yake ni kupunguza sauti mpaka kidhibiti nguvu cha mtambo kiache kuingilia kati, na kutumia toni za kati ya hezi 1500 na 2000, ambazo vivuli vyake huanguka nje ya kichujio cha mtambo. Kuongeza wati kabla ya kurekebisha hilo ni kosa, tena huuchosha mtambo unaorusha mfululizo kwa sekunde 12.64.

Anayetaka kuanza aelekeze kipokezi chake kwenye megahezi 14.074, aiache programu isome jioni nzima, na atazame ni nchi zipi zinaingia na saa ngapi, kabla ya kurusha mwito wake wa kwanza.