Miti Inapoishia: Safari ya Tarime Hadi Mbuga ya Serengeti

Mtu anayetoka Tarime kwenda Arusha kwa njia ya Mugumu huvuka kwa siku moja nchi ambazo angedhani zimetengana kwa mwendo wa wiki nzima. Asubuhi anaacha migomba na kahawa, mchana yumo katika migunga, na kabla ya jua kuchwa yuko mahali ambapo mchungaji hapati mti wa kukata fimbo. Abiria wengi husinzia, nami siwalaumu, maana vumbi na mitikisiko huchosha. Lakini nimeipita njia hii mara kadhaa, na kila mara swali langu limekuwa moja: kwa nini miti huishia njiani?

Tuanze na mvua. Tarime ni nchi ya juu, tena iko karibu na Ziwa Viktoria. Ziwa lile hupandisha mvuke mwingi, na vilima vya Wakurya huudaka ukawa mvua. Ndiyo sababu kuna kahawa, ndizi, mahindi na ulezi. Upande wa pili wa safari mambo ni kinyume. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hukutana na milima ya Ngorongoro, zikamwaga maji yake hukohuko upande wa mashariki, na zinapoteremka magharibi huwa zimekwisha kukauka. Kwa hiyo pembe ya kaskazini-magharibi ya Serengeti hupata kama milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, ilhali ncha ya kusini-mashariki hupata kama 500 tu. Basi lako linashuka ngazi hiyo kidogo kidogo, bila wewe kuhisi.

Ukishapita Nyamongo, penye mgodi mkubwa wa dhahabu uliofunguliwa mwaka 2002, barabara huteremka hadi Mto Mara, mpaka wa wilaya ya Tarime na ya Serengeti. Mto huu hutoka milima ya Mau nchini Kenya na kuingia ziwani karibu na Musoma. Ng'ambo ya pili migomba imekwisha. Utaona mihogo, mtama na makundi ya ng'ombe hadi Mugumu.

Kutoka Mugumu tunaelekea Ikoma, walikojenga ngome Wajerumani, kisha tunaingia hifadhini katika nchi ya migunga. Hapa naomba msikilizaji usisinzie, kwa sababu miti hii ina habari ya ajabu. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi usiosemeka. Watu walikufa njaa, wengine wakahama, vichaka na mbung'o vikatwaa maeneo yao. Mzungu aliyekuja baadaye akaona pori tupu, akadhani limekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia.

Sotoka iliendelea kuwaua ndama wa nyumbu hadi ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka Serengeti walipochanjwa, kazi iliyoshika kasi katika miaka ya 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama robo milioni. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni moja na robo. Sasa fikiria midomo hiyo yote ikila majani. Majani yakipungua, moto wa kiangazi hukosa cha kuchoma, na miche ya migunga iliyokuwa ikiungua kila mwaka hupata nafasi ya kukua. Sehemu kubwa ya miti unayoiona dirishani imeota hivyo. Yaani sindano aliyodungwa ng'ombe wa Mkurya, Mwikoma au Msukuma imeotesha msitu ndani ya hifadhi! Sotoka yenyewe ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 2011.

Baada ya Seronera migunga huanza kuachana, na ukikaribia kilima cha Naabi unabaki na majani na majabali machache. Mvua ndogo peke yake haitoshi kulieleza jambo hili, kwani ziko sehemu kavu zaidi nchini zenye miti. Sababu nyingine iko chini ya ardhi. Volkano za huko mashariki, Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, zilirusha majivu ambayo upepo uliyatandaza juu ya mbuga hii. Majivu hayo yana chokaa nyingi. Mvua huiyeyusha na kuishusha chini kidogo, kisha huganda ikawa tabaka gumu kama sakafu ya saruji. Mzizi wa mti hukwama hapo. Mzizi wa jani fupi hauhitaji kina hicho.

Majani hayo mafupi yana kalisi na fosforasi nyingi, chakula hasa cha mama mwenye kunyonyesha. Nyumbu hujua. Huzalia hapo, wengi wao mwezi Februari, ndani ya wiki chache. Lakini mvua ikikatika mbuga hukauka na maji yanayobakia huwa ya chumvi. Hapo huanza safari ya kuelekea magharibi na kaskazini, wakiifuata ileile ngazi ya mvua tuliyoishuka sisi, hadi Mto Mara, mto usiokauka. Ndiyo maana msitu wa Mau unapofyekwa huko Kenya, jambo hilo linamhusu mwanakijiji wa Tarime na nyumbu wa Naabi pia.

Kuna na suala la barabara. Mwaka 2010 Serikali ilikuwa na mpango wa barabara kuu kutoka Mugumu kwenda Loliondo hadi Mto wa Mbu, ikipita kilometa 53 ndani ya hifadhi, kaskazini, palepale nyumbu wanapokimbilia kiangazi. Mwaka 2011 Serikali iliiarifu UNESCO kwamba kipande hicho kitabaki cha changarawe, na Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikazuia kujengwa lami humo. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi. Hata hivyo, sikupendezwa na waliosema kutoka mbali kana kwamba watu wa Mugumu hawana mgonjwa wa kumpeleka hospitali wala gunia la kupeleka sokoni. Njia ya Tarime hadi Mugumu haigusi hifadhi hata kidogo, na hukumu ile haikuihusu.