Kinga, makala na mvua ya Katanga

Kati ya Kasumbalesa, mji wa Kongo ulio mpakani na Zambia, na Lubumbashi kuna kilomita zipatazo 90 za lami, kipande cha Barabara ya Taifa namba 1. Wengi walio nje ya Haut-Katanga wanaijua kwa malori yake: shaba na kobalti zikisafirishwa kwenda bandari za Durban na Dar es Salaam, na foleni za mpakani zinazoweza kula siku kadhaa. Pembeni mwa malori hayo kuna msafara wa pili, ambao haupimwi kwa tani wala kwa ushuru. Ni wa baiskeli zilizopakia makala, yaani makaa ya kupikia, kutoka vijiji vya msituni, au unga wa mahindi uliovushwa kutoka Zambia kwa ajili ya bukari, kama ugali unavyoitwa Katanga. Baiskeli yenyewe huku inaitwa kinga. Msomaji wa Mombasa au Tanga atashtuka kidogo, maana kwake kinga ni kile kinachomwepusha mtu na balaa. Kuanzia Novemba hadi Machi, mvua inapoishika nchi hii ya juu, maana hizo mbili hukaribiana, lakini kwa sharti moja: kinga zisiwe mojamoja. Kinachomfikisha mtu na mzigo wake mjini siku ya mvua ni kundi, kuliko nguvu za miguu yake, na ninaona kosa kubwa kwamba barabara imejengwa kana kwamba kundi hilo halipo.

Kwanza tuutazame mzigo. Baiskeli ni ile nzito ya chuma, isiyo na gia, mara nyingi imechomelewa nondo za kuiongezea nguvu. Magunia yakishafungwa juu ya keria, uzito hupita kilo 100 kwa urahisi, na kwenye mwinuko mwenye chombo hushuka akasukuma kwa miguu. Mvua za huku kwa kawaida hukusanya mawingu asubuhi na kushuka mchana, kwa hiyo anayejua safari huondoka alfajiri ili ale kilomita nyingi kabla ya saa nane. Akichelewa, mambo hubadilika. Breki za mpira zinazobana rimu ya chuma karibu hazishiki, maana mpira lazima kwanza upanguse maji ndipo ukamate chuma, na kwenye mteremko mzigo wa kilo 100 hausubiri. Kwenye njia za vijijini udongo mwekundu hunata kwenye gurudumu hadi linagoma kuzunguka. Gunia lililofunikwa vibaya hunywa maji, makala huwa mazito, hupukutika, na mnunuzi wa Katuba au Kenya (hiyo ya pili ni komyuni ya Lubumbashi, si nchi) huona mara moja na kushusha bei. Unga uliolowa ndio hasara isiyo na mjadala.

Sasa chukua pancha. Siku ya jua ni kazi ya muda mfupi. Mvuani, solusheni haishiki tyubu yenye unyevu, na ukiweka kiraka juu ya maji kitang'oka kabla ya kilima kinachofuata. Lazima mmoja aishike baiskeli wima na magunia yake, kwa sababu ikilala kwenye tope kamba hulegea na gunia hupasuka. Wa pili achomoe tairi, akaushe tyubu kwa nguo pekee iliyobaki kavu. Wa tatu atandaze nailoni juu ya vichwa vyao kama paa. Mtu mmoja hawezi kufanya kazi hizo tatu hata awe na misuli ya namna gani. Ndivyo ilivyo pia kwenye kilima chenye utelezi, ambapo wawili husukuma baiskeli ya kwanza, wakarudi kuifuata ya pili, na pale mmoja anapoanza kutetemeka. Huku ni zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Aliyelowa huku akitoka jasho hupoa haraka sana anaposimama, na yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kugundua kwamba mikono yake imekufa ganzi.

Walioendesha baiskeli kwa hiari, wakiwa na vifaa bora, wameonyesha jambo hilohilo. Safari ya Paris–Brest–Paris nchini Ufaransa ina kilomita 1,200, na wengi hupewa saa 90 kuimaliza. Mwaka 2007 mvua na upepo viliwaandama, na takriban asilimia 30 ya walioanza hawakumaliza, watu waliofuzu kwa safari ndefu za majaribio mwaka uleule. Jirani zetu wa Rwanda walikumbwa na mvua Machi 2025, hatua ya mwisho ya mashindano ya Tour du Rwanda mjini Kigali ikakatizwa njiani kwa sababu barabara haikuwa salama. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Tofauti ni kwamba mwanamashindano ana mtu wa kumwambia asimame, gari linalomfuata, na chumba cha kulala. Mbeba makala akisimama, magunia yanabaki yake na chakula cha watoto kinabaki humo ndani. Filamu ya Emmanuel Gras iitwayo Makala, iliyotunzwa Cannes mwaka 2017, ilimfuata msafiri wa namna hiyo akienda Kolwezi, na ilimwonyesha dunia kwa heshima anayostahili. Lakini wengi waliitazama kama hadithi ya ustahimilivu wa mtu peke yake. Kasaï, ambako wachuuzi wa baiskeli wanaitwa bayanda, na hata huku Katanga, maarifa makubwa ya kazi hii ni ya kushirikiana: kujua nani atangulie kwenye mteremko, nani awe wa nyuma kutazama malori, na lini wote wasimame.

Wapo watakaosema kundi lenyewe ni hatari, kwamba wa mbele akiteleza humwangusha wa nyuma. Ni kweli, ikiwa wanafuatana kwa karibu kama wanamashindano wanaokwepa upepo. Kwa mwendo wa mizigo upepo hauna uzito huo, kwa hiyo faida ya kukaribiana haipo, na wanaweza kuachiana nafasi ya kutosha bila kupotezana. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwa nini tuwasaidie watu wanaokata msitu wa miombo na kuvusha unga kwa njia za panya? Msitu unaumia, na anayekanusha hajatoka nje ya mji. Lakini jiko la Lubumbashi halijapewa umeme wa kutosha, na mwenye baiskeli hakulibuni hitaji hilo. Hata akigongwa leo, hakuna mti utakaobaki umesimama kwa sababu hiyo. Unga nao hufuata bei na marufuku zinazotangazwa na serikali. Swali la nishati lijibiwe mahali pake. Swali la barabara ni jingine, nalo ni jepesi kulijibu.

Barabara hii inalipiwa ushuru na malori, na kwa hoja hiyo wengine huona malori ndiyo yenye haki nayo. Ila kundi la baiskeli lisilo na mabega ya barabara hulazimika kukatika vipande: wawili wanabaki juu ya lami, watatu wameshuka mtaroni, mmoja ameachwa nyuma na foleni ya matrela. Hapo msaada wote nilioueleza unavunjika, na unavunjika wakati unahitajika kuliko wakati wowote. Lami ikiongezwa hatua mbili tu kila upande, na vibanda vichache vya bati vikajengwa mahali pa kusubiri mvua na radi badala ya chini ya mti, mwenye magunia matatu hatalazimika kuchagua, saa nane mchana, kati ya gurudumu la lori na tope la mtaro huku wenzake wakiwa mita 200 mbele, wasimsikie.